Diski tatu au diski ya tatu? Namna ya kubadili diski iliyokufa

Kila aliyekwenda kijijini kukusanya masimulizi kwa ajili ya memwari anajua kazi inavyoisha: tunarudi na sauti. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa inavyotakiwa, yaani sampuli 48,000 kwa kila sekunde, biti 24, njia mbili, inakula karibu gigabaiti moja. Mwanzoni tunaiweka kwenye ordinateri zetu na kwenye fulashi ambazo hupotea mifukoni. Kisha siku moja mtu mwenye busara anasema zote zipelekwe mahali pamoja, kwenye mashine kubwa isiyokufa. Makala hii inahusu mashine hiyo, na hasa zile saa chache ambapo inaweza kuuawa na mkono wa mtu anayeitengeneza. Naandika kwa sababu mkono huo ulikuwa wangu.

Nilikuwa katika mafunzo ya kazi ya miezi mitatu kwenye kituo kimoja cha utafiti hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika masimulizi ya Kizela, saa sabini hivi kwa jumla. Wawili kati ya wazee waliosimulia walikuwa wamekwisha kufariki. Sauti zao zilikuwa ndani ya kabati la diski katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, na nilikuwa na ufunguo wa chumba hicho kwa sababu tu ndicho chenye baridi, nikapenda kufanyia kazi humo.

Naliita kabati maana ndivyo linavyoonekana. Ni sanduku la chuma lenye droo nyembamba mbele, na kila droo imebeba diski moja. La kwetu lilikuwa na droo nane, kila diski terabaiti 4. Nyuma yake kuna kidhibiti, ordinateri ndogo isiyo na kazi nyingine ila kugawa kila faili vipande vipande na kuvisambaza katika diski zote. Mtumiaji haoni diski nane. Anaona sehemu moja tu kubwa ya kuwekea mafaili.

Wazo hili lina tarehe. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyopendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, mtu aunganishe diski nyingi ndogo za bei nafuu. Waliona pia ubaya wake mara moja: ukiwa na diski mia, uwezekano wa moja kufa wiki hii ni mkubwa kuliko ukiwa na moja. Kwa hiyo lazima mfumo uweze kuvumilia kifo. Wakauita RAID. Sisi watu wa lugha tutapenda jambo dogo la historia ya herufi hizo: kwao herufi I ilisimama mahali pa neno la Kiingereza lenye maana ya bei rahisi. Baadaye wauzaji wakaibadilisha maana ikawa "yenye kujitegemea". Makabati waliyokuwa wakiuza hayakuwa na bei rahisi hata kidogo.

Uvumilivu huo unapatikanaje? Chukueni karatasi. Diski tatu zimebeba namba 4, 7 na 5. Diski ya nne haibebi kitu kipya, inabeba jumla yao tu, 16. Diski yenye 7 ikifa, kidhibiti kinachukua 16, kinatoa 4, kinatoa 5, na 7 inarudi. Hakuna aliyekuwa ameitunza 7 mahali pengine. Wenzake ndio wanaojua lazima iwe nini. Mashine yenyewe haijumlishi hivi, inahesabu tu kama biti za 1 ni shufwa au witiri, lakini mantiki ni hiyo hiyo. Aina hii inaitwa RAID 5, na inavumilia kifo cha diski moja.

Wakifa wawili kwa pamoja? Jumla peke yake haitoshi, maana kuna jozi nyingi zenye jumla ya 12. Basi RAID 6 inaongeza hesabu ya pili, ambamo kila namba inazidishwa kwa nafasi yake: mara moja 4, mara mbili 7, mara tatu 5, jumla 33. Poteza 7 na 5 kwa pamoja. Hesabu ya kwanza inasema zinazokosekana zinafanya 12. Ya pili inasema mara mbili ya moja na mara tatu ya nyingine zinafanya 29. Mara mbili ya 12 ni 24, inabaki 5, ndiyo namba ya mwisho, na nyingine ni 7. Hapa pia mashine hutumia hesabu za namna yake zisizotoka nje ya baiti moja, lakini siri ni kuwa na maswali mawili tofauti juu ya vitu vile vile. Kabati letu lilikuwa la RAID 6. Diski mbili zililipa gharama ya usalama, sita zikabeba data, terabaiti 24.

Asiyependa hesabu asome sentensi hii: Vitabu vyangu vile viwili vizuri vimepotea. Tuseme wino umemwagikia mwanzo wa neno la pili. Nani atashindwa kuurudisha? Ngeli imerudiwa mara sita, na kila kiambishi ni shahidi wa wenzake. Wageni wanaojifunza lugha zetu hulalamika juu ya upatanisho huu kama mzigo usio na faida, na faida yake ni hiyo: inapopigwa kelele sokoni na nusu ya silabi zikapotea, ujumbe unafika. Kiswahili chetu cha mjini kimepunguza mashahidi hao. Tunasema *bitabu yangu yote* na tunaelewana, ila tunategemea zaidi mazingira ya mazungumzo. Mfano wangu una mpaka wake, nakiri. Upatanisho unarudisha ngeli na idadi, haurudishi shina. Wino ukifuta *-zuri*, hakuna kiambishi kitakachonieleza kama vitabu vilikuwa vizuri au vibaya. Kabati la diski linarudisha vyote, mpaka biti ya mwisho, mradi waliokufa wasizidi idadi iliyopangwa.

Na diski hufa kuliko inavyotangazwa. Karatasi za watengenezaji huandika wastani wa saa 1,000,000 hadi 1,500,000 kabla ya kuharibika. Saa milioni moja ni zaidi ya miaka 114, jambo ambalo peke yake lingepaswa kumfanya msomaji atabasamu. Kwa hesabu hiyo, diski zinazokufa kwa mwaka hazizidi asilimia 0.88. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson, yule yule wa 1988, walichunguza kumbukumbu za diski 100,000 hivi katika vituo vikubwa, wakakuta zinazobadilishwa kwa mwaka ni kati ya asilimia 2 na 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi 13. Walikuta pia kwamba vifo haviji kimoja kimoja bila uhusiano. Kimoja kikija, kingine hakiko mbali. Si ajabu. Diski za kabati moja mara nyingi ni za rika moja: zimetoka kiwandani pamoja, zimewashwa siku moja, zimepata joto moja na zimekatikiwa kuranti mara ile ile.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuta taa ya rangi ya chungwa inawaka juu ya kabati. Labda ilikuwa inawaka tangu Ijumaa. Kengele yake ilikuwa imenyamazishwa zamani kwa sababu iliwasumbua wasomaji wa maktaba, na huo ulikuwa uamuzi wa hatari kuliko nilioufanya mimi dakika ishirini baadaye. Kwenye ekrani ya kidhibiti niliona mstari mmoja mwekundu: diski 3 imekufa. Diski mpya ilikuwa kwenye rafu, ndani ya mfuko wake. Fundi, ambaye sote tunamwita Yaya, alikuwa Likasi kwa msiba. Nikampigia simu, nikamsomea maneno ya ekrani. Akanijibu:

— Tosha diski tatu, uweke ile mupya. Usizime mashine.

Msomaji wa pwani angeshangaa, maana kwake *kutosha* ni kufikia kiasi. Kwetu ni kutoa, na hapo hatukukosana. Tulikosana kwenye *tatu*. Katika maneno *diski tatu* kuna mambo matatu: idadi ya diski, yaani tatu kwa pamoja, diski inayokuja baada ya ya pili, na diski ambayo jina lake ni 3. Yaya alikusudia jina. Mimi nilisikia mpangilio. Nilisimama mbele ya kabati, nikahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, tatu, nikavuta. Mashine inaanza kuhesabu kwenye zero. Diski inayoitwa 3 ni ya nne.

Kwa nini sikuangalia taa ya droo? Niliangalia. Droo ya diski iliyokufa haikuwa na taa yoyote, na ya jirani yake niliyoivuta ilikuwa ya kijani, ikipepesa. Sikujua kupepesa kwa kijani ni kazi inayoendelea. Mtu akishaamini namba, macho yanamfuata.

Ekrani ikaonyesha mistari miwili myekundu, na upepo wa mashine ukaongezeka sauti. Nikarudisha diski haraka mahali pake nikidhani nitafuta kosa. Haikufutika. Kabati likaandika kwamba katika droo hiyo kuna diski ngeni. Wakati huo niliona ni ukatili wa mashine. Leo naona ina haki. Katika zile sekunde ambazo diski ilikuwa mkononi mwangu, wengine waliendelea kuandika: mtu maktabani alihifadhi faili, kidhibiti kikasasisha hesabu zake. Diski iliyorudi ilikuwa na habari za dakika iliyopita. Kidhibiti kikiichanganya na wenzake kama vile haikutoka, hesabu ya 4, 7 na 5 ingetoa namba zisizokuwapo kamwe, na hakuna ambaye angejua. Afadhali kuikataa.

Nikampigia Yaya tena. Alinyamaza, kisha akasema nisiguse kitu kingine chochote, hata kiti.

Sasa tuseme hali ilivyokuwa. Diski mbili nje, sita hai, data yote bado inasomeka kwa sababu ya hesabu ile ya pili. Lakini hapakubaki shahidi wa ziada. Diski moja ya tatu ingekufa, au ingeshindwa kusoma kipande kimoja tu, kipande hicho kingepotea. Kama kabati lingekuwa la RAID 5, lingesimama pale pale nilipovuta. Hata hapo data isingefutika, ingelala tu kwenye diski ikisubiri mtu anayejua kuziunganisha. Kinachoua katika hali hiyo ni mwenye hofu anayebonyeza kitufe cha kuandaa kabati upya, akidhani ni kulitengeneza. Kitufe hicho kipo, na maandishi yake yanavutia sana mtu anayetetemeka.

Yaya alifika alasiri, na jambo la kwanza alilofanya si kuweka diski mpya. Alichomeka diski ya nje, akanakili folda ya Kizela na nyingine mbili ambazo mkuu wa kituo alisema hazina nakala popote. Gigabaiti sabini na kitu za Kizela zilichukua chini ya nusu saa. Nilimuuliza kwa nini asianze kulijenga upya kabati haraka. Alisema kujenga upya ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo diski hizi zimewahi kufanya: kila moja inasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambazo hakuna mtu aliyezigusa kwa miaka mitatu. Kama kuna iliyo dhaifu, itaangukia hapo. Basi kwanza okoa kisichorudiwa.

Hesabu inamuunga mkono. Diski za kawaida huruhusiwa na karatasi zao kushindwa kusoma mara moja katika biti 100,000,000,000,000, yaani kila terabaiti 12.5 hivi. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya makabati huahidi mara kumi zaidi. Kabati la RAID 5 lenye diski nane za terabaiti 4, likipoteza moja, lazima lisome terabaiti 28 bila kukosea ili kuirudisha. Kwa diski za kawaida, karatasi yenyewe inakubali kwamba litakosea. Hii ndiyo sababu, kadiri diski zilivyokua, watu wenye data nyingi waliiacha RAID 5 wakahamia RAID 6.

Baada ya nakala, alinifundisha namna ya kuitambua diski kwa uhakika. Usihesabu droo. Ekrani inaonyesha namba ya kiwandani ya kila diski hai. Namba hiyo hiyo imebandikwa kwenye diski yenyewe, na fundi mwangalifu huibandika pia mbele ya droo siku ya kwanza. Isiyoonekana kwenye orodha ndiyo iliyokufa. Vilevile kidhibiti kinaweza kuamriwa kupepesa taa ya droo fulani. Diski ikiwa imekufa kabisa na droo yake haiwaki, pepesesha majirani wa kushoto na wa kulia, kisha chukua ile ya katikati. Ifungue kwa sentimita chache, acha nusu dakika ili sahani zilizokuwa zinazunguka zisimame, ndipo uitoe yote. Diski inayozunguka ni kama pia, ukiigeuza ghafla inapigana na mkono na inaweza kujikwaruza. Ile mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kwa kiasi kidogo, na iwe ya aina inayokubaliwa na kabati. Mashine haizimwi. Droo zimetengenezwa zitolewe hai, na kuzima mashine yenye ugonjwa ni kuwapa wazee wengine nafasi ya kutoamka.

Alipoweka diski mpya, kazi ya kujenga upya ilianza yenyewe. Terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, zingechukua saa saba na nusu. Lakini kabati lilikuwa bado linahudumia watu, na kidhibiti hugawa nguvu zake. Tuliwaomba wasomaji wasitumie hazina usiku ule. Ilichukua saa 19. Saa nane za usiku kuranti ilikatika. Onduleri ilipiga kelele, mlinzi akakimbilia gurupu, na kwa dakika nne nilitazama asilimia 41 isiyobadilika. Makabati mengi huendelea pale yalipoishia kuranti ikirudi. Hatukutaka kujua kama la kwetu ni mojawapo.

Usiku wa pili tuliirudisha diski niliyoivuta. Haikuwa na ubaya wowote, ila ilibidi ifutwe na ijengwe upya kama mgeni. Saa nyingine 17. Kisha Yaya akaamuru ukaguzi wa kila juma, ambao kidhibiti husoma diski zote polepole usiku wa Jumapili, kutafuta vipande vilivyooza kabla havijahitajika. Uwezo huo ulikuwamo tangu mwanzo, hakuna aliyeuwasha. Kengele ilirudishiwa sauti, na maktaba wakalalamika, na safari hii mkuu wa kituo aliwajibu mwenyewe.

Kuna jambo moja nililokuwa nalichanganya, na nimegundua wenzangu wengi wanalichanganya pia. Kabati la namna hii si nakala. Linavumilia kifo cha diski, basi. Ukifuta folda kwa makosa, linaifuta kwa uaminifu katika diski zote nane, pamoja na mashahidi. Moto, radi, mwizi, maji ya mvua yanayopenya paa, vyote vinachukua kabati zima. Diski ya nje aliyoichomeka Yaya alasiri ile ndiyo ilikuwa nakala ya kwanza ya kweli ya sauti hizo. Leo ziko mbili, zinabadilishana: moja kituoni, nyingine katika jengo jingine upande wa pili wa mji, na mwanafunzi wa zamu huzibeba kila mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka na diski hufungua faili tatu anazochagua mwenyewe, akasikiliza kama mzee bado anaongea.

Namba za droo sasa zimeandikwa kwa rangi nyeupe, kuanzia 0. Kwenye simu Yaya hasemi tena *diski tatu*. Anataja herufi nne za mwisho za namba ya kiwandani, na aliye upande wa pili anazirudia kabla ya kugusa kitu. Ile iliyokufa haikupelekwa sokoni na vyuma chakavu. Vipande vya masimulizi bado vimo ndani yake, na wasimulizi walitoa sauti zao kwa ajili ya utafiti, si kwa yeyote atakayeokota. Tuliitoboa kwa drili matundu manne, nikaandika tarehe katika daftari la kabati, chini ya mstari unaosema nani aliivuta diski 2.